Mbiu ya Hija na Dungu la Marehemu

Ukitaka kumuudhi Hija mpiga mbiu, tembea nyuma yake. Alikuwa mtu mpole, mwenye maneno machache na kofia iliyopauka, lakini ukimfuata kwa nyuma katika vichochoro vya Bagamoyo alisimama, akajibanza ukutani, akakwambia, "Pita, tangulia." Kwake hapakuwa na tofauti kama wewe ni mzee, mtoto au mbuzi. Msikitini alisali safu ya mwisho. Watu wakienda kuzika, yeye alikuwa wa mwisho kabisa njiani. Sisi watoto tulifanya mchezo wa kumnyemelea ili tumwone anavyogeuka. Mama yangu, Dija, alinikuta siku moja katika mchezo huo, akanifinya sikio hata likawaka moto. Kisha akanikalisha chini akanieleza habari hii, maana yeye alikuwapo.

Hija alizaliwa Mapinga, kwa baba mkulima wa muhogo. Akiwa kijana alijitwika mizigo ya nguo na waya mpaka Unyamwezi, akarudi na mguu wa kushoto usiokunjika vizuri na kifua kama pipa. Mguu ulimtoa katika upagazi, kifua kikampa kazi nyingine. Jumbe wa mtaa alimkabidhi pembe ya nyati, akawa mpiga mbiu. Amri za Liwali wa Sayyid, mbuzi aliyepotea, maiti ya kuzikwa alasiri, msafara unaotafuta wapagazi, yote yalipita kinywani mwake. Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, lakini katika Bagamoyo ya siku hizo ililia hata pasipo na jambo, mradi kuna mkubwa anayetaka kusikika.

Jambo lenyewe lilikuja miaka michache kabla ya Wajerumani kutweka bendera yao. Mto Kingani, ambao wengine huuita Ruvu, ulifurika ghafla msimu wa mpunga. Wakulima wa bondeni hawalali mjini msimu huo. Hujenga madungu, vibanda vidogo juu ya nguzo ndefu katikati ya shamba, wakakaa humo kuamia, yaani kufukuza ndege mchana na nguruwe na viboko usiku. Maji yalikuja bila hodi, yakachukua madungu pamoja na waliomo. Liwali aliposikia kilio kinatoka kila mtaa, ndipo alipokumbuka kwamba bonde nalo lilikuwa nchi yake. Serikali ni kama mwenye nyumba anayenunua kufuli mwizi akishapita. Hata hivyo kufuli alilinunua, hilo nisimnyime.

Amri yake ilikuwa hivi. Masika yakianza, Hija ahamie Kilimani, mwinuko ulio ukingoni mwa bonde, akae na pembe yake. Maji yakivuka alama iliyochomwa kwa moto kwenye nguzo ya gati, apige mbiu. Kila dungu liitike kwa namna yake, ili ajue limesikia. Kisha wote wapande Kilimani, na huko akida wa Liwali awaulize wenye nyumba, mmoja mmoja, kama watu wao wote wamefika. Mtumbwi wa serikali ufungwe pale chini, tayari kwa lolote. Siku hizi amri hiyo ina nyongeza: kila mtu ajiitikie kwa kinywa chake, mwanamume na mwanamke, wala pasiwe na mwenye nyumba wa kumsemea. Nyongeza hiyo aliiomba Hija mwenyewe, akasimama barazani kwa Liwali hata akapewa.

Siku ya kuijaribu amri watu walicheka sana. Rajabu, mwenye shamba kubwa kuliko wote, aligonga upatu wa shaba. Jirani yake aliwika, na tangu hapo akaitwa Jogoo mpaka akaingia kaburini. Wanawake wa dungu la kandokando ya mto walipiga vigelegele, ungedhani kuna harusi. Na Bwanausi, mdogo wake Rajabu, mtu asiyependa kelele, alitwanga kinu kitupu. Du. Kimya. Du, du. Alitwanga polepole, kama mtu ambaye mawazo yake yako kwingine. Hija aliwajua wote kwa masikio, hata mvua ikiziba macho.

Mwaka uliofuata, mpunga ukiwa umeshapandwa, Bwanausi alishikwa na homa akafa. Hija alikuwa miongoni mwa walioshuka kaburini kumpokea, na yeye ndiye aliyemwekea donge la udongo chini ya shavu. Mjane wake, Biubwa, akaingia eda. Mwajua eda ya pwani ya wakati ule: miezi minne na siku kumi mwanamke hukaa ndani, hatoki, mwanamume wa kando hamwoni wala hamsikii sauti. Mji wote ulijua Biubwa yumo ndani kwa mama mkwe wake, Mwanaharusi. Dungu la marehemu likabaki linatazamana na ndege.

Sasa nije kwenye siku yenyewe.

Mvua ilikuwa imenyesha tangu juzi bila kuvuta pumzi. Alasiri ilikuwa nyeusi, na jua hapana aliyejua liko upande gani. Hija alishuka kutazama nguzo akaikuta alama imeshamezwa, na maji yanapanda huku akiyaangalia. Alirudi Kilimani akichechemea, akaweka pembe mdomoni, akapiga.

Upatu wa Rajabu ukalia. Jogoo akawika. Vigelegele vikaja vimelowa, lakini vikaja. Hija akashusha pembe, ameridhika, maana madungu yote yenye watu yalikuwa yameitika.

Kisha, kutoka mbali zaidi, kukasikika. Du. Kimya. Du, du.

Alidhani ni masikio yake, akayapangusa maji kwa kanzu. Hakumwambia mtu.

Watu walipanda Kilimani na vyungu vyao, watoto mgongoni, kuku kwapani. Mama yangu alikuja na jamvi kichwani, maana alisema hata mafuriko hayamfanyi alale juu ya tope. Akida akaanza kuuliza. Nyumba ya Jogoo? Wote wapo. Nyumba ya Rajabu?

"Wangu wote wapo," alisema Rajabu. Mama yake, bibi Mwanaharusi, alikuwa amesimama nyuma yake, akautazama mchanga.

Amri ilitaka mbiu ya pili, kwa ajili ya waliochelewa. Hija akapiga. Safari hii palitakiwa kuwa kimya, maana bonde lilikuwa tupu na watu wote wako pale juu wanatetemeka. Pembe iliponyamaza, wote wakasikia. Du. Kimya. Du, du.

Hapana aliyeuliza ni dungu la nani. Mwanamke mmoja alimziba mwanawe masikio. Mwalimu wa chuo cha Kurani akaanza kusoma Ayatul Kursi kwa sauti ya chini, na waliokuwa karibu naye wakamfuata. Jogoo, ambaye siku nyingine hakosi mzaha, alisema tu, "Amerudi kuamia mpunga wake."

"Usipige tena, Hija," akida alisema. Alikuwa na upanga kiunoni, na mkono ulikuwa juu ya upanga. "Unamwita."

Hija aliogopa. Alikiri mwenyewe baadaye kwamba mikono yake ilikuwa bado inakumbuka uzito wa marehemu. Lakini hofu nyingine ilikuwa imemshika zaidi. Kama kule chini kuna mtu, basi mtu huyo atakufa kabla ya magharibi, na atakufa akiwa ameitika. Akainua pembe, akapiga mara ya tatu. Du. Kimya. Du, du.

"Shetani huita," Hija alisema, kila mtu akamsikia. "Ndivyo tulivyofunzwa na mama zetu. Ukiitwa na usiyemwona, usiitike. Lakini huyu haiti. Ninayeita ni mimi. Nikipiga anajibu, nikinyamaza ananyamaza. Maiti gani huyo anayetii amri ya Liwali?"

Hakungoja jibu. Alimwendea Rajabu.

"Shemeji yako yuko wapi?"

"Yumo edani."

"Edani wapi, Rajabu?"

Aliyejibu ni mama yake. "Yuko dunguni," alisema Mwanaharusi. "Nilimpeleka mimi, alfajiri, watu hawajatoka. Nimeziba makuti pande zote, hakuna anayemwona. Mpunga wa mwanangu ulikuwa unaliwa na ndege, na mimi miguu yangu hii mnaiona. Atakula nini eda ikiisha?"

Mimi simlaumu bibi yule. Ndege hawajui eda, wala njaa haijui. Lakini Rajabu, mtu mzima na ndevu zake, alijua yote hayo, akasimama mbele ya akida akasema wote wapo. Aliona afadhali mke wa ndugu yake aende na maji kuliko watu wajue kwamba alitoka nje. Nikilitaja jina lake mpaka leo roho hunichafuka.

Mwalimu aliacha kusoma. "Dharura ina hukumu yake," alisema. "Roho ikiwa hatarini, hakuna aibu. Mleteni, mumfunike, basi." Maneno ya haki hayo, na kila mtu pale juu aliyasikia. Aliyehitaji kuyasikia alikuwa kule chini.

Rajabu alipiga hatua kuelekea mtumbwini. Mama yake akamshika kanzu. "Wewe shemeji yake, kaa. Ukirudi naye peke yenu, maneno ya watu yatamuua kabla ya maji." Askari wa akida walitazamana, kila mmoja akapata shughuli ya ghafla. Hija akaufungua mtumbwi mwenyewe.

Alisimama mbele, omoni, akiusukuma kwa upondo, uzito wake wote juu ya mguu mzima. Bonde halikuwa bonde tena. Masuke ya mpunga yalichungulia juu ya maji hapa na pale. Alipita dungu la Jogoo: kikoi bado kilikuwa kimeanikwa, jiko bado linafuka moshi, na nguzo zote nne zilikuwa zimezungukwa na nyoka waliopanda kukimbia maji, wametulia, wanamtazama. Mahali fulani katikati ya mashamba kiboko alipumua. Hija hakumwona. Kila alipopotea alipiga pembe kidogo, na kinu kikamjibu, akageuza mtumbwi kuelekea sauti.

Maji yalikuwa yamefika kwenye ngazi ya juu kabisa ya dungu. Makuti yalikuwa yamezibwa sawasawa, huoni hata kidole.

"Hodi, dada."

Kinu kilinyamaza. Kisha sauti ndogo. "Nani?"

"Hija, mpiga mbiu."

"Nani aliyekwambia nipo?"

"Mama yako, Mwanaharusi."

"Mbele ya watu?"

Hija alitaka kudanganya, ulimi ukakataa. "Mbele ya watu. Lakini mwalimu amesema hakuna aibu katika jambo hili. Amesema tukulete."

Nguzo za dungu zikalia kwa kusukumwa na maji.

"Geuka, kaka," Biubwa alisema. "Usinitazame. Nimebakiwa na hilo tu."

"Nimegeuka."

"Niapie kwamba hutageuza uso mpaka nimeshuka."

Alikuwa mke wa mtu aliyemzika kwa mikono yake, na sauti yake ilikuwa ikitetemeka kwa baridi. Hija angefanyaje? "Wallahi, sigeuki," alisema.

Makuti yakachanwa. Mtumbwi ukazama kidogo upande wa nyuma, ukatulia. Hija alichukua kata ya kukumbia maji, ile ya kifuu cha nazi na mpini wa mti, akaipeleka nyuma juu ya bega bila kutazama, akahisi inapokewa. "Huu mtumbwi wa serikali unavuja," alisema. "Kumba maji, dada. Na nikikuuliza kama upo, kama hutaki kusema, gonga ubavuni."

"Nimesema vya kutosha leo," Biubwa alijibu. Kisha akagonga kwa kata. Ko.

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho ambayo mtu yeyote aliyasikia.

Wakaanza kurudi. Hija alisikia maji yakikumbwa nyuma yake, chwa, chwa, na kila baada ya kitambo aliuliza, "Upo?" na jibu likaja. Ko. Aliona moyo wake unalainika. Wakafika palipokuwa na mkondo wa zamani wa mto, ambao wakati wa kiangazi ni mfereji tu wa kuruka kwa hatua. Leo ulikuwa umeamka. Gogo lilitoka gizani likawapiga ubavuni, mtumbwi ukalala, maji yakaingia, na Hija akaanguka magoti akishikilia upondo. Kwa muda hakusikia kitu ila ngurumo ya maji masikioni. Aliusukuma mtumbwi kwa nguvu zote za kifua chake mpaka ukasimama sawa, ukatoka kwenye mkondo.

"Upo, dada?"

Mtumbwi uliyumba kidogo. Ko.

"Alhamdulillahi," Hija alisema, akaendelea kusukuma.

Kukumba hakukuendelea. Alidhani amechoka. Kisha nyuma yake kukagongwa, ko, ingawa hakuwa ameuliza. Akasikiliza. Ko. Ko, ko. Mtu anayejibu anajulikana. Lakini anayejibu kabla hajaulizwa ni nani? Alikumbuka shavu la Bwanausi na donge la udongo. Akajiuliza kama kile alichokipakia pale dunguni kilikuwa mwanamke, maana hakuwa amemwona, alikuwa ameona makuti tu na kusikia sauti. Shingo ilimwasha kwa hamu ya kugeuka. Alimwambia mama yangu kwamba muda ule alimwogopa aliye nyuma yake kuliko alivyomwogopa kiboko.

Lakini alikuwa ameapa. Na kama ni Biubwa kweli, mwenye baridi na hofu, anayegonga ili tu amtulize mtu aliyemjia, je, amgeukie na kumvua kile kimoja alichobakiwa nacho? Hija alifumba macho, akasoma alichokijua, akasukuma. Ko, kikasema kile cha nyuma. Ko.

Alipofumbua macho Kilimani kulikuwa karibu, na alichokiona kilimfanya adhani amepotea njia, amefika kwa watu wasio watu.

Wanaume wote wa bondeni walikuwa wamesimama kwa safu ukingoni, chini ya mvua, bila kusogea, na hapana hata mmoja aliyekuwa na uso. Kanzu zimewagandia miilini. Ilimchukua kitambo kuelewa kwamba alikuwa anatazama migongo yao. Mwalimu alikuwa amesema neno, na Mwanaharusi alikuwa amepita kwa kila mmoja akimgeuza kwa mkono, akida na upanga wake, Jogoo, askari, wavulana wadogo, na Rajabu. Wanawake walikuwa wameinua majamvi kushoto na kulia, yakawa ukuta wa njia toka majini hadi juu. Mama yangu alishika ncha ya jamvi lake, na mikono ikamuuma, lakini hakulishusha. Hapana hata mtoto wa kiume aliyechungulia. Walitaka Biubwa apande kama alivyoshuka, hajaonwa na mtu.

Hija alisema hajapata kupenda watu kama alivyowapenda wale katika dakika ile. Mtumbwi ukagusa tope.

"Tumefika, dada," alisema, bado ametazama mbele. "Shuka. Hakuna anayekutazama."

Ko.

Mwanaharusi alishuka mpaka maji yakamfika magotini, kaniki kavu mikononi, tayari kumfunika mkwewe. Alitazama juu ya bega la Hija. Alitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta kitu chumbani ambamo taa imezimika.

"Hija," alisema, "mbona umekuja peke yako?"

Hapo ndipo alipogeuka. Mtumbwi ulikuwa umejaa maji nusu. Kata ilikuwa inaelea humo, na kila wimbi lilipopita iliugonga ubavu wa mtumbwi kwa kifuu chake. Ko. Ko, ko.

Hakuna mwanamke aliyepiga kelele. Walibaki wameyainua majamvi yao, njia iko wazi, na Mwanaharusi amesimama majini na ile kaniki. Na wanaume walikuwa wamesimama vilevile kwa heshima, wameupa mto migongo, wakingoja kuambiwa kwamba amekwisha kupita, na hapana aliyekuwa na moyo wa kuwaambia wageuke.